Mlango wa Dharura wa Basi: Historia Yake hadi Barabara ya Nyankunde

Mlango wa dharura ni njia ya pili ya kutokea ndani ya gari la abiria, iliyowekwa kwa ajili ya wakati ambapo mlango wa kawaida umebanwa, umezibwa au unawaka moto. Hautoshi kuitwa hivyo kwa sababu tu umekatwa kwenye bodi la gari. Lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, uwe na upana wa kumpitisha mtu mzima, njia ya kuufikia iwe wazi, na abiria ambaye hajawahi kuugusa aweze kuufungua gizani. Likikosekana moja kati ya hayo, mlango huo hauna tofauti na ukuta. Ndiyo maana nchi zinazotengeneza mabasi ziliweka sheria mbili, si moja. Ya kwanza inataka mlango uwepo. Ya pili inamlazimu mtengenezaji aliyegundua kasoro ayaite magari yote ya toleo hilo yarudi karakana na kurekebishwa bila malipo.

Sheria hizo mbili hazikusafiri pamoja. Mabasi yalienea dunia nzima, na mlango ukaenda nayo, japo si kila mara. Wito wa marekebisho ulibaki nyuma. Nyankunde, mji mdogo ulio katika himaya ya Andisoma, wilaya ya Irumu, mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kilomita kama 45 kusini-magharibi mwa Bunia, ni mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi, kwa sababu kwa miaka mingi watu walifika huko kwa vyombo viwili vilivyo chini ya taratibu tofauti kabisa za usalama: gari na ndege ndogo.

Malori ya Ituri

Historia ya kusafirisha abiria kwa magari katika Ituri inaanza na lori. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na machimbo ya Kilo na Moto yakahitaji barabara za kupitishia mitambo, chakula na wafanyakazi, kazi ambayo awali ilibebwa na mabega ya wapagazi. Barabara ziliiunganisha bandari ya Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, na Bunia, Irumu na njia ya msituni iendayo Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Upande wa kaskazini-magharibi, kampuni ya Vicicongo ilifikisha reli yake nyembamba Mungbere mwaka 1937, na kutoka hapo safari iliendelea kwa malori.

Lori lilijengwa kwa ajili ya mzigo. Abiria alikuwa nyongeza: alipanda juu ya magunia ya mahindi au maharagwe, akashika kamba ya turubai, akainamisha kichwa matawi yalipokaribia. Gari la namna hiyo halikuwa na mlango wa kawaida wala wa dharura. Hatari yake kuu ilikuwa kuanguka au kulaliwa na mzigo lori likipinduka. Kunaswa ndani halikuwa jambo la kufikiriwa, maana hakukuwa na ndani. Hali hiyo inaeleza kwa nini habari ya mlango wa dharura ilichelewa kuzungumzwa mashariki mwa Kongo: swali hilo huja pale abiria anapofungiwa ndani ya bodi lenye paa na vioo, na kwa Ituri jambo hilo lilienea baada ya mabasi madogo ya Kijapani kuanza kuingia kwa wingi.

Katikati ya miaka ya 1960, baada ya uasi wa Simba wa mwaka 1964, misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu na kuanzisha hospitali kubwa Nyankunde, Centre Médical Évangélique. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Carl Becker, daktari Mmarekani aliyekuwa ametibu Oicha kwa miongo mingi, na Helen Roseveare, daktari Mwingereza, ambaye alisimamia mafunzo ya wauguzi hapo hadi mwaka 1973. Hospitali iliufanya mji mdogo kuwa kituo cha safari ndefu. Wagonjwa walitoka Ituri, Kivu na Uele. Wengi walikuja kwa malori, na waliozidiwa waliletwa kwa ndege za shirika la kimisheni la MAF, ambalo lilikuwa na kiwanja, banda na karakana yake papo hapo Nyankunde.

Asili ya mlango wa dharura

Mlango wa dharura haukuanzia kwenye magari. Ulitokana na misiba ya majumba ya michezo. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, ilitangazwa jukwaani kwamba watoto watapewa zawadi. Waliokaa ghorofani waliteremka ngazi mbio. Mlango wa chini ulifungukia ndani na ulikuwa umekomewa kwa namna iliyoacha upenyo wa mtoto mmoja tu. Watoto 183 walikufa wakiwa wamebanana mlangoni, bila moto wala jengo kuanguka.

Miaka 20 baadaye, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliwaka moto wakati wa onyesho la mchana. Watu wasiopungua 602 walikufa. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na mingine ilikuwa na makomeo ya aina ambayo watazamaji hawakuwahi kuyaona, hivyo hata waliofika mlangoni hawakujua la kufanya. Carl Prinzler, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Indianapolis, alikuwa amekusudia kuhudhuria onyesho hilo akazuiwa na kazi. Akishirikiana na msanifu Henry DuPont, alitafuta njia ya kufunga mlango usifunguliwe kutoka nje lakini ufunguke kutoka ndani kwa kusukumwa tu. Chuma chao cha kusukuma kilianza kuuzwa mwaka 1908, na hadi leo vyuma vya jinsi hiyo vimo katika shule, hospitali na kumbi duniani kote.

Misiba hiyo miwili iliacha kanuni tatu ambazo baadaye zilihamia kwenye mabasi: mlango wa kutokea ufungukie nje, ufunguliwe kwa tendo moja lisilohitaji maarifa, na usifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani.

Mlango unaingia kwenye basi

Nchini Marekani, mkutano wa mwaka 1939 uliofanyika Chuo Kikuu cha Columbia chini ya mwalimu Frank Cyr uliweka viwango 44 vya mabasi ya shule, pamoja na rangi ya manjano inayojulikana hadi sasa. Serikali ya nchi hiyo ilianza kutumia kanuni ya kitaifa ya milango ya dharura ya mabasi, kanuni namba 217, mwaka 1973. Ulaya ilifuata njia yake kupitia kanuni za Umoja wa Mataifa zinazotungwa Geneva. Kanuni namba 107 huhesabu njia za kutokea kulingana na idadi ya watu: basi la watu 17 hadi 30 linahitaji njia 4, la watu 31 hadi 45 linahitaji 5, na la watu 46 hadi 60 linahitaji 6. Madirisha ya kuvunjwa kwa nyundo na matundu ya paa huhesabiwa pia, kwa sababu basi likilala ubavu milango ya upande mmoja hugeuka kuwa sakafu.

Ajali iliyobadilisha mambo zaidi ilitokea karibu na Carrollton, jimbo la Kentucky, tarehe 14 Mei 1988. Dereva mlevi aliyekuwa akiendesha upande usio wake aligonga basi lililobeba vijana wa kanisa waliokuwa wakirudi matembezini. Basi hilo lilikuwa limetumika shuleni kabla ya kanisa kulinunua, na chesisi yake ilitengenezwa siku chache kabla ya viwango vipya kuanza kazi mwaka 1977. Tangi la mafuta lilikuwa karibu na mlango wa mbele. Mlango ulibanwa, moto ukashika, ikabaki njia moja tu, mlango wa dharura wa nyuma. Kuufikia kulihitaji kupenya kati ya viti viwili vya mwisho vilivyoacha nafasi finyu, na sanduku la vinywaji lilikuwa limewekwa njiani. Kati ya watu 67 waliokuwemo, 27 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba hakuna aliyeuawa na mgongano wenyewe; wote waliuawa na moshi na moto. Mwaka 1992 kanuni namba 217 ilibadilishwa ili mabasi ya shule yawe na njia nyingi zaidi za kutokea, kadiri ya idadi ya viti.

Somo la pili lilitoka Taiwan. Tarehe 19 Julai 2016 basi la watalii liliteketea barabarani Taoyuan, na watu wote 26 waliokuwemo wakafa. Dereva ndiye aliyeliwasha moto. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba mlango wa dharura ulikuwa umeongezewa komeo lililofichika, ambalo abiria hawangeweza kulijua. Mlango ulikuwepo na ulikuwa na alama yake, ila mtu baada ya kiwanda alikuwa ameuondolea kazi.

Kasoro na wito wa marekebisho

Kasoro za milango ya dharura ni za namna chache zinazojirudia. Bawaba hushika kutu. Komeo halitoki mpini unapovutwa. Kiti hufungwa mahali kinapopunguza upana wa njia. Maandishi ya maelekezo hukosekana au huwa madogo. Kengele ya kumwonya dereva kwamba mlango haujafungwa vizuri hunyamaza. Katika mabasi ya shule ya Marekani kuna kinga nyingine: mlango wa dharura wenye kufuli ukiwa umefungwa, injini haiwezi kuwaka. Mlango wenyewe lazima ufunguke kwa nguvu isiyozidi niutoni 178, yaani karibu sawa na kunyanyua mzigo wa kilo 18, kiasi ambacho mtoto mkubwa anakiweza. Kasoro katika kifaa kimojawapo kati ya hivyo inatosha kuita maelfu ya mabasi.

Utaratibu wa kuita magari uliwekwa na sheria ya usalama wa magari ya Marekani ya mwaka 1966. Japani ilianza wa kwake mwaka 1969. Mtengenezaji hutoa taarifa kwa serikali, hutafuta majina ya wamiliki katika daftari la usajili, huwaandikia barua na kulipia matengenezo. Kwa hiyo wito hutegemea mambo mawili: namba ya chesisi inayolitambulisha kila gari, na daftari linaloonyesha gari hilo liko mikononi mwa nani.

Daftari hilo huishia mpakani. Gari likifutwa usajili Japani na kupakiwa melini, mmiliki wake anayejulikana na kiwanda anakoma kuwa mmiliki, na barua haina pa kwenda. Muda nao huisha: sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji atengeneze bure gari ambalo halijapita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, na mabasi mengi ya Afrika Mashariki yameshapita umri huo. Sheria nyingine ya Marekani, ya mwaka 2000, huwalazimu watengenezaji kuiarifu serikali ya huko wanapoita katika nchi za nje magari yanayofanana na yale wanayouza Marekani. Nchi nyingi zinazonunua magari yaliyotumika hazina sheria kama hiyo ya kuzilinda. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko bara lolote.

Basi la Kijapani linapovuka mpaka

Toyota HiAce ilianza kutengenezwa mwaka 1967 na Toyota Coaster mwaka 1969. Hayo ni miongoni mwa magari yaliyoeneza usafiri wa abiria waliofungiwa ndani katika Afrika Mashariki. Sheria ya Japani hudai mlango wa dharura kwenye gari la watu 30 au zaidi, na kwenye magari ya watoto wadogo. Coaster nyingi zimesajiliwa kwa watu 29. Hivyo basi dogo linaweza kutoka kiwandani bila mlango wa dharura na bila kuvunja sheria yoyote, kisha likaja kufanya kazi mahali ambapo hubeba watu kuliko idadi hiyo. HiAce nyingi nazo zilikuwa magari ya mizigo yaliyokatwa madirisha na kufungwa viti baadaye. Mlango wake wa nyuma hunyanyuka kwenda juu, mara nyingi hufunguliwa kutoka nje tu, na huwa nyuma ya mizigo.

Nchi za jirani zimejaribu kuweka vizuizi. Kenya ilikataza kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8, ikaweka kanuni za matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na ikatunga kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kinachogusa pia njia za kutokea. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Vikomo hivyo husaidia nchi husika, lakini gari linalokaribia kikomo upande mmoja hupata mnunuzi upande wa pili wa mpaka.

Mpaka wa Kongo una jambo la pekee. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, kama Japani. Kongo huendesha kulia tangu zama za Wabelgiji, na sheria ya barabara namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ilidumisha hivyo. Basi lililotoka Mombasa likapita Kampala na kuingia Ituri kwa Mahagi au Aru, au kwa Kasindi katika Kivu ya Kaskazini, hubadilisha upande wa barabara, ila milango yake haihami. Mlango wa kushoto uliotengenezwa kumshushia abiria kando ya barabara humshushia katikati, mbele ya pikipiki na malori yanayopishana. Kwa basi lenye mlango wa dharura upande wa kulia mambo hugeuka: mlango wa dharura huelekea kando salama, na mlango wa kila siku huelekea hatarini. Serikali ya Kinshasa imewahi kutangaza marufuku ya kuingiza magari ya usukani wa kulia, lakini mashariki magari hayo bado ni mengi, kwa sababu njia ya biashara ya eneo hilo hupitia Uganda.

Kosa hili halina mtengenezaji wa kulaumiwa. Gari halikuharibika. Liliwekwa katika barabara ambayo halikutengenezewa, na hakuna wito wa kiwanda unaoweza kulirekebisha. Ni mamlaka ya nchi peke yake inayoweza kuamua kama mlango ukatwe upande wa pili, au gari lisibebe abiria.

Vita na barabara

Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Human Rights Watch ilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa katika siku zilizofuata, wakiwemo wagonjwa vitandani. Hospitali iliporwa, wahudumu walionusurika wakakimbilia upande wa Beni kwa miguu, na MAF ikahama. Hospitali ilifufuliwa baadaye polepole, lakini mji haukurudia upesi hali ya kuwa kituo salama cha safari. Katika miaka iliyofuata barabara za Bunia, Komanda na Luna zilijulikana zaidi kwa mashambulizi, na baada ya serikali kutangaza hali ya dharura ya kijeshi Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, magari yalipitishwa baadhi ya sehemu kwa misafara ya kusindikizwa na wanajeshi. Pale ambapo hofu ya kwanza ni risasi, ukaguzi wa komeo la mlango huonekana jambo dogo. Hata hivyo gari lililoshambuliwa au kuwashwa moto ndilo gari ambalo abiria wake wanahitaji mlango wa pili kuliko wakati mwingine wowote.

Mlango wa ndege

Ndege zilizotua Nyankunde zinaonyesha utaratibu mwingine. Miongoni mwa aina zilizotumiwa na MAF ni Cessna 206, ndege ya injini moja iliyojengwa Marekani tangu miaka ya 1960. Rubani ana mlango wake mbele kushoto. Nyuma kulia kuna mlango wa mizigo wa mabawa mawili, unaofaa kupitishia machela. Lakini mabapa ya bawa la ndege yakiwa yameteremshwa, kama inavyokuwa wakati wa kutua, huzuia bawa la mbele la mlango huo lisifunguke zaidi ya upenyo mdogo. Abiria aliye nyuma hulazimika kulisukuma bawa la mbele hadi linapogota, kuingiza mkono, kuushika mpini ulio kwenye ukingo wa bawa la nyuma, kuuvuta, kisha kulisukuma la nyuma. Ni hatua nyingi kwa mtu aliyeshtuka, na ni kinyume cha kanuni ya tendo moja.

Kasoro hiyo ilijulikana kwa miaka mingi, na maelekezo ya namna ya kutoka yalibandikwa karibu na mlango. Mwaka 2018 Cessna 206 yenye maboya ilipinduka katika ziwa la Little Doctor, kaskazini mwa Kanada, na abiria watatu wakazama. Mwaka 2020 mamlaka ya usafiri ya Kanada ilitoa agizo la kupunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kubebwa na ndege za aina hiyo zilizosajiliwa huko.

Jambo la kuzingatia ni njia inayopitiwa na taarifa. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, nchi iliyobuni ndege ina wajibu wa kuzipelekea nchi zote zenye ndege hiyo maagizo ya usalama, bila kujali ndege ina umri gani au imeuzwa mara ngapi. Kila ndege ina kitabu chake cha matengenezo, na agizo lililotekelezwa huandikwa humo na kutiwa saini. Utaratibu huo si dawa ya kila kitu: mashirika ya ndege ya Kongo yamezuiwa kuruka Ulaya tangu mwaka 2006 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi. Ila taarifa yenyewe ina njia ya kumfikia fundi aliye kwenye karakana ya kijijini. Basi lililo umbali wa mita mia chache kutoka kiwanja cha ndege halina njia kama hiyo.

Lililobaki

Hakuna kinachozuia utaratibu wa aina hiyo kuwepo kwa mabasi. Namba ya chesisi tayari imegongwa kwenye kila gari, na forodha ya Mahagi, Aru na Kasindi huiandika gari linapolipiwa ushuru. Watengenezaji wakubwa huchapisha orodha za namba zilizoitwa. Kinachokosekana ni kulinganisha orodha hizo mbili kabla gari halijapewa kibali cha kubeba abiria, na kumtaka mwenye gari aonyeshe kwamba mlango wa pili upo, unafunguka kutoka ndani, na haujazibwa na kiti cha kukunja au magunia. Kazi hiyo inahusu serikali ya mkoa, polisi wa barabarani na vyama vya madereva vya Bunia kwa pamoja.

Hadi hilo litakapofanyika, ukaguzi unabaki mikononi mwa msafiri: kuutafuta mlango wa pili kabla ya kuketi, kuuliza unafunguliwaje, na kudai mizigo iliyowekwa mbele yake iondolewe kabla gari halijawashwa. Watoto wa Sunderland na vijana wa Carrollton walikufa hatua chache kutoka mlangoni. Barabara ya Nyankunde haina sababu ya kungoja msiba wake ndipo ijifunze jambo ambalo dunia imelijua kwa zaidi ya miaka 100.